Pikipiki Mpya Haijakwisha Kuundwa

Pikipiki zimekuwa nyingi sana katika Malindi na katika nchi yote ya Kilifi. Tangu mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipolegeza kodi ya pikipiki ndogo zenye injini isiyozidi sentimeta za ujazo 250, chombo hiki kimeingia katika vijiji ambavyo zamani vilitegemea baiskeli na punda. Mkulima wa Marafa hupeleka maembe yake sokoni kwa pikipiki. Mgonjwa wa Jilore hufikishwa hospitali kwa pikipiki. Na karani wa mjini, akiweka akiba yake, hununua moja akampa kijana wa jamaa yake afanye kazi ya bodaboda, ili kila jioni amletee hesabu.

Kwa watu kama hawa pikipiki si kitu cha fahari. Ni mali kubwa, na aghalabu ni mali ya mkopo. Kwa hiyo yafaa kila anunuaye ajue jambo moja ambalo wengi hawalijui, nalo ni hili: pikipiki itokayo dukani, ijapokuwa inang'aa na kila nati yake imekazwa, bado haijakwisha kuundwa. Kiwanda hufanya sehemu kubwa ya kazi, lakini sehemu ya mwisho huachiwa mwenyewe, naye huifanya barabarani katika kilometa 500 mpaka 1,000 za kwanza. Aifanyaye vizuri hupata injini ya kumtumikia miaka mingi. Aifanyaye vibaya huiharibu mali yake kabla hajamaliza kuilipia.

ASILI YA CHOMBO HIKI

Pikipiki ya kwanza yenye injini ya petroli iliundwa mwaka 1885 na Wajerumani wawili, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, katika mji wa Cannstatt karibu na Stuttgart. Fremu yake ilikuwa ya mti, na ilikuwa na magurudumu mawili madogo ya pembeni ili isianguke. Mwaka 1894 watu wa Munich, Hildebrand na Wolfmüller, walianza kuunda pikipiki nyingi za namna moja kwa ajili ya kuuza. Baadaye Waingereza wakawa mafundi mashuhuri wa kazi hii, na katika miaka ya 1950 pikipiki kama BSA za Birmingham na Triumph zilijulikana katika nchi nyingi za dunia.

Kisha sifa ikahamia mashariki. Mwaka 1958 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki ndogo iitwayo Super Cub, na kufika mwaka 2017 zilikuwa zimekwisha kuundwa milioni mia moja. Pikipiki zionekanazo zaidi katika barabara za Kenya katika miaka hii ni za Bara Hindi, kama Boxer ya kampuni ya Bajaj, ambayo makao yake ni Pune, na zile za TVS zitokazo Hosur. Njia ya bahari kati ya Bara Hindi na Malindi si ngeni: majahazi yaliivuka kwa pepo za msimu tangu kale, na mwaka 1498 Vasco da Gama alipata rubani Malindi wa kumwongoza mpaka Calicut. Zamani zilikuja nguo na shanga; sasa huja pikipiki.

KAZI YA KIWANDANI

Katika kiwanda kikubwa kazi hugawanywa, wala hakuna fundi mmoja aundaye pikipiki nzima. Upande mmoja huyeyushwa alumini, madini ambayo huwa maji katika joto la nyuzi 660 za Selsiasi. Alumini hiyo husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu za chuma, ikapoa, ikatoka na umbo la nyumba ya injini. Upande wa pili chuma kigumu hufuliwa kingali chekundu kwa moto, ndicho kiwacho mhimili mkuu uzungukao ndani ya injini. Meno ya gia hukatwa kwa mashine, kisha hutiwa katika tanuru na kupozwa kwa namna ya kuyafanya magumu yasilike upesi.

Fremu nayo huundwa kwa mabomba ya chuma. Mabomba hukatwa, hukunjwa, na kubanwa mahali pake ili yasipinde, ndipo huchomelewa. Katika viwanda vingi kazi hiyo ya kuchomelea hufanywa na mikono ya mashine iendayo yenyewe. Halafu fremu huoshwa kwa dawa ya kuondoa mafuta na kuzuia kutu, hupakwa rangi, na kupitishwa katika tanuru ili rangi ishike.

Mwisho viungo vyote hukutana katika mstari mmoja mrefu utembeao pole pole. Fremu huanza tupu. Mtu wa kwanza hutia injini, wa pili huunga uma wa mbele, wa tatu magurudumu, wa nne nyaya za taa, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari. Kila bolti kubwa hukazwa kwa kipimo maalum, maana ikilegea itafunguka, na ikikazwa kupita kiasi itakatika. Pikipiki ikitimia hupandishwa juu ya magurudumu ya kujaribia, huwashwa, gia zote zikatiwa, breki na taa zikatazamwa. Majaribio haya huchukua dakika chache tu. Baada ya hapo huzimwa, na kufungwa kwa safari.

Nyingine hazisafirishwi zikiwa zimeungwa. Hutiwa katika masanduku vipande vipande, injini ikiwa imekwisha kuungwa, zikashushwa katika bandari ya Mombasa, na kuungwa humu humu nchini. Honda ilianzisha kampuni yake ya kuunga pikipiki Nairobi mwaka 2013. Ndiyo sababu mnunuzi wa Malindi huweza kupata pikipiki ambayo injini yake iliundwa ng'ambo, na magurudumu yake yakatiwa Kenya. Hata hivyo, iwe imeungwa hapa au kule, injini yake haijatembea. Imewashwa tu.

KWA NINI INJINI MPYA HUZOEZWA

Ili kuelewa jambo hili, hapana budi kuitazama injini kwa ndani. Ndani ya silinda mna pistoni ipandayo na kushuka. Pistoni ya injini ndogo ya kawaida ina pete tatu za chuma zilizoizunguka, ambazo mafundi huziita ringi. Mbili za juu huzuia moto na mvuke wa petroli usipenye chini; ya tatu hukwangua oili ukutani mwa silinda isipande juu ikaungua. Nafasi iliyopo kati ya pistoni na ukuta wa silinda ni ndogo kuliko unene wa unywele wa mtu.

Sasa, ukuta wa silinda mpya si laini kama kioo. Kiwanda huusugua kwa mawe ya kunolea, makusudi, ukabaki na mikwaruzo myembamba ipishanayo kama nyuzi za wavu. Mikwaruzo hiyo ina kazi mbili: hushika oili ili chuma kisisugue chuma kikavu, na hufanya kazi ya tupa, ikizilainisha ringi pole pole mpaka kila ringi ipate umbo la silinda yake. Mashine ya kiwanda, hata iwe hodari namna gani, haiwezi kuifanya ringi hii iwe mwenzi wa silinda hii kama vile zitakavyofanyana zenyewe kwa kutembea pamoja. Kazi hiyo ndiyo iitwayo kuizoeza injini.

Msomaji apige hesabu. Kilometa 500 kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa ni saa 12 na nusu, yaani dakika 750. Injini ikizunguka mara 4,000 kila dakika, itakuwa imezunguka mara milioni tatu. Katika mizunguko hiyo vilele vya mikwaruzo hukatika, ringi hukaa mahali pake, na meno ya gia huzoeana. Chembe ndogo sana za chuma zitokazo katika msuguano huo huchukuliwa na oili.

Katika siku hizo mpya msuguano ni mwingi, na penye msuguano mwingi pana joto jingi. Mpandaji akivuta mafuta yote, au akipakia mizigo mizito na kupanda kilima cha mchanga kwa gia ya chini, joto huzidi. Pistoni hutanuka, ile nafasi ndogo hutoweka, oili hushindwa kukaa kati, na chuma hukwaruza chuma. Mikwaruzo ya namna hiyo si ile ya kiwandani. Hii ni mifereji ambayo oili hupita kwenda kuungua. Joto likizidi zaidi, pistoni hushika katika silinda na gurudumu la nyuma hufunga ghafula, jambo liwezalo kumwangusha mpandaji.

Walakini kuna kosa la upande wa pili pia. Wako watu ambao, kwa kuogopa, huiendesha pikipiki mpya taratibu mno, mwendo mmoja siku zote, au huiacha ikinguruma mahali pamoja kwa muda mrefu wakidhani kwamba wanaizoeza. Hilo halifai. Ringi husukumwa ukutani na nguvu ya moto wa petroli, na moto ukiwa hafifu siku zote ringi hazikai. Ukuta wa silinda hupata utelezi kama wa kigae, na baadaye pikipiki hutoa moshi wa buluu na kula oili. Tena injini nyingi za pikipiki ndogo hupozwa na upepo upitao kati ya mapezi yake. Pikipiki isimamayo juani pasipo kwenda haina upepo wa kuipoza. Kwa hiyo injini mpya isichoshwe, wala isidekezwe.

NAMNA YA KUIZOEZA

Mwamuzi wa kwanza ni kitabu kidogo kitolewacho pamoja na pikipiki. Wengi hukitupa pamoja na karatasi za kufungia, kumbe ndimo mlimo mwendo unaofaa na siku ya kubadili oili. Pikipiki hazifanani, na kila mtengenezaji ana kipimo chake. Lakini yafuatayo hukubaliwa na karibu wote.

Kwanza, kabla ya kuondoka dukani, mnunuzi atazame oili kama imefika kipimo, atazame upepo wa magurudumu, na nati za ekseli kama zimekazwa. Asiamini kwamba kila kitu kiko tayari kwa sababu ni kipya.

Pili, kila asubuhi aiwashe injini na kuiacha dakika moja hivi ili oili ifike kila mahali, wala asiipigie kelele kwa kuvuta mafuta ingali baridi.

Tatu, katika kilometa 500 za kwanza asivute mkono wa mafuta kupita nusu yake, ila kwa haja ya kujiokoa na hatari. Mwendo aubadili badili: mara uongezeke, mara upungue, gia zikibadilishwa kwa wakati wake. Asing'ang'anie gia ya juu hali injini inatetemeka kwa kulemewa. Baada ya hapo aongeze kidogo kidogo mpaka kilometa 1,000 zitimie.

Nne, mzigo uwe mwepesi. Atokaye Malindi kwenda Watamu au Gede kwa barabara ya lami, peke yake au na abiria mmoja mwembamba, anaizoeza injini yake vizuri. Lakini apakiaye magunia mawili ya mahindi na abiria juu yake, akashika njia ya mchanga kwenda bara wakati wa jua la mchana, anaiua.

Tano, katika safari ndefu apumzike. Kutoka Malindi mpaka Mombasa ni kiasi cha kilometa 120. Akifika Kilifi, kabla au baada ya daraja, azime injini kwa dakika kumi na tano, apumzike yeye na chombo chake.

Sita, asisahau kwamba si injini peke yake iliyo mpya. Tairi mpya huteleza mpaka uso wake ukwaruzwe na barabara. Kwa hiyo katika kilometa 150 za kwanza asilale sana kwenye kona. Breki mpya hazishiki sawasawa mpaka zipate kukaa, basi azikanyage mapema na kwa upole. Cheni mpya hunyooka na kulegea upesi, hivyo itazamwe mara kwa mara, ikazwe kwa kipimo cha kitabu, na kupakwa mafuta. Na kwa kuwa hewa ya pwani ina chumvi, hasa Gongoni penye mashamba ya chumvi, chombo kioshwe kwa maji baridi na kukaushwa, maana kutu haitazami upya wa kitu.

OILI YA KWANZA

Jambo likosewalo kuliko yote ni oili ya kwanza. Mwenye pikipiki huiona oili bado haijawa nyeusi, naye husema, "Hii ningali nayo, nitaibadili mwezi ujao." Kumbe ndani yake mnaelea zile chembe za chuma. Zikiachwa humo huzunguka pamoja na oili, zikasaga kila ziguswacho nazo. Kwa hiyo oili ya kwanza hubadilishwa mapema kuliko zote zijazo. Watengenezaji wengi husema kati ya kilometa 500 na 1,000. Imwagwe injini ikiwa na joto, kwa kuwa oili ya moto hutoka na uchafu wake. Anayeitazama juani huweza kuona kimetameta kidogo. Hilo si la kushangaza. Vipande viwezavyo kushikwa kwa vidole ndivyo vya kumfanya amwone fundi mara moja.

Oili itiwayo iwe ile ya pikipiki zenye injini ya mapigo manne. Katika pikipiki nyingi klachi na gia hukaa ndani ya oili ile ile ya injini, na baadhi ya oili za motakaa zina dawa za kuleta utelezi ambazo huifanya klachi isishike. Wala asinunue oili ya bei rahisi isiyojulikana ilikotoka. Injini ndogo huchukua kama lita moja tu. Bei ya lita moja si kitu mbele ya bei ya pistoni.

Wako wasemao kwamba mambo haya yalikuwa ya zamani, na kwamba pikipiki za sasa hazihitaji kuzoezwa. Maneno yao yana kweli kidogo. Pikipiki za Kiingereza za miaka ya 1950 zilitaka kuzoezwa maili 1,000 au zaidi, kwa sababu mashine za kukereza na oili za wakati ule hazikuwa safi kama hizi. Muda umepungua, kazi haikuondoka. Hata pikipiki za umeme, ambazo kampuni ya Roam ilizifungulia kiwanda Nairobi mwaka 2023, ingawa hazina pistoni wala ringi, zina breki na tairi za kuzoezwa.

HESABU YA MWENYE CHOMBO

Vijana wengi waziendeshao pikipiki hizi wanayajua haya, lakini hawawezi kuyafuata. Sababu si ujinga, bali ni hesabu ya jioni. Mwenye chombo hutaka fedha kamili tangu siku ya kwanza, naye mara nyingi hudaiwa na waliomkopesha. Kijana afanyeje? Hupakia abiria wawili na mzigo, huvuta mafuta yote, hukimbiza safari ili afikie kiasi alichoagizwa. Jioni hesabu hutimia, na mwenye chombo hufurahi. Hajui kwamba fedha aliyopewa imekatwa katika silinda yake mwenyewe.

Basi na aifanye hesabu nyingine. Dereva aendaye kilometa 100 kwa siku humaliza kilometa 1,000 kwa siku kumi. Mwenye chombo akikubali nusu ya hesabu kwa siku hizo kumi, hasara yake ni hesabu ya siku tano, basi. Lakini injini ikiharibika mwaka wa kwanza, silinda hukerezwa upya na kutiwa pistoni kubwa zaidi na ringi mpya, fundi hulipwa, pikipiki hulala siku kadhaa bila kuingiza kitu, na mkopo haulali. Tena injini iliyofunguliwa na kurudishwa ni mpya tena: hutaka kuzoezwa kama mwanzo.

Kwa hiyo anayempa kijana pikipiki mpya akae naye chini kabla ya kumkabidhi ufunguo. Wakisome kitabu pamoja, waandike kilometa za siku ya kwanza, wapatane juu ya hesabu ndogo ya siku kumi, na juu ya siku ya kubadili oili na nani atakayeilipa. Anayenunua kwa mkopo naye aulize mapema kama malipo yaweza kuanza wiki mbili baada ya kuchukua chombo. Kuuliza si kosa.

Wakulima hawapati shida kulielewa neno hili. Hakuna mtu wa Ganze amtwikaye punda mchanga mzigo wa punda mkubwa. Ajua kwamba atampinda mgongo, na mgongo uliopindwa haunyooki. Wazee walinena, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mafundi wa Pune na Hosur wamekwisha kufanya kazi yao. Fundi wa mwisho yuko Malindi, ameushika ufunguo mkononi, na muda aliopewa ni siku kumi.